Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kukua, Kupata Uwiano na Kuishi kwa Furaha

Majibu haya yametokana na mazungumzo ya kikundi chetu kidogo kinachokutana Jumamosi mbili za kila mwezi hapa Kisumu, na mara mojamoja Nakuru, ambako baadhi ya wenzetu walihamia kikazi. Wanaokuja ni walimu, wauzaji wa mitumba, waendeshaji wa bodaboda, wauguzi, wanafunzi wa vyuo na wazee waliostaafu. Nimekuwa nikiyaandika maswali yao kwa miaka kadhaa, na yale yaliyorudi mara nyingi zaidi ndiyo ninayoyajibu hapa, mengine kwa urefu na mengine kwa mistari michache, kwa kadiri ninavyouona uzito wake.

Mnaposema "kukua", mna maana gani hasa?

Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa. Kujikuza, katika mazungumzo ya kawaida, ni kujitia makuu na kujiona bora kuliko wenzako. Kujiendeleza nako, siku hizi, kumekuwa habari ya vyeti: mtu anarudi chuoni ili apandishwe daraja kazini. Si vibaya kutafuta cheti, na wengi wetu tumefanya hivyo, lakini silo tunalolizungumzia. Kukua tunakokusema ni mtu kuijua nafsi yake mwaka huu kuliko alivyoijua mwaka jana. Anatambua kinachomkasirisha kabla hajafoka, anajua kazi inayomtia nguvu na ile inayomnyonya, na anaweza kurekebisha mwenendo wake bila kungoja ugonjwa au ugomvi wa nyumbani umlazimishe. Ukuaji wa aina hiyo hauonekani haraka, na mara nyingi wa kwanza kuugundua si mwenyewe bali wale anaoishi nao.

Je, uwiano ni kuigawa siku katika sehemu zilizo sawa?

Hapana, na nadhani dhana hiyo ndiyo inayowachosha watu wengi. Mtu husikia kwamba siku ni saa nane za kazi, nane za usingizi na nane za mambo yake mwenyewe, anajaribu kuishi hivyo kuanzia Jumatatu, na kufikia Jumatano ameshindwa na ameanza kujilaumu.

Mimi nilifunguka macho kwa kumtazama jirani yangu, mama anayekausha na kuuza omena, wale dagaa wadogo wa Ziwa Victoria, katika ufuo wa Dunga. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na taa hizo huvuta samaki vizuri zaidi anga likiwa giza. Mbalamwezi ikipevuka, samaki hawakusanyiki penye taa, kwa hiyo mashua nyingi hukaa ufuoni siku kadhaa huku wavuvi wakishona nyavu, wakilala usingizi wa haja na kwenda kuwaona jamaa zao. Isitoshe, kwa upande wa Kenya, uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaliane. Ziwa lenyewe, kwa maneno mengine, limepangiwa mapumziko yake.

Katika siku za giza, mama huyu huwa ufuoni kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Huimwaga omena juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini, huitawanya kwa kiganja isilaliane, na jua likishakuwa kali huigeuza ili upande wa chini nao ukauke. Muda wote huo jicho lake liko kwenye mawingu yaliyo juu ya maji, kwa sababu mvua ya nusu saa yaweza kumharibia kazi ya siku nzima. Ukimweleza habari za kupumzika wakati huo hatakusikiliza, na ana haki. Lakini mwezi ukipevuka, utamkuta amekaa mlangoni akimsuka binti yake nywele taratibu, bila haraka yoyote, au utaambiwa amekwenda Asembo kwa mama yake na atarudi baada ya siku tatu.

Ukiyapima maisha yake kwa siku moja utasema hayana uwiano hata kidogo, ilhali ukiyapima kwa mwezi mzima utakuta yametulia kuliko ya watu wengi wenye meza na viti vya ofisini. Ndiyo maana nawaomba wanaouliza swali hili waache kujipima kwa siku na waanze kujipima kwa msimu. Mwalimu ana wiki za kusahihisha mitihani na ana likizo. Anayefanya kazi katika mashamba ya maua ya Naivasha anajua kwamba wiki za kabla ya tarehe 14 Februari si zake, kwa kuwa soko la Ulaya linadai waridi. Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia ana siku za kuvuna ambazo halali. Kila mmoja wa hawa aweza kukubali siku zake za giza bila kinyongo, mradi azijue, na mradi siku za mbalamwezi zikifika azitumie kupumzika kweli badala ya kuzijaza kazi nyingine. Ninayemhofia ni yule ambaye nikimwuliza mbalamwezi yake huangukia lini, hana jibu.

Ninatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Muda wa kukua nitautoa wapi?

Swali hili naliheshimu kwa sababu niliwahi kuwa mtu huyo. Kwa miaka sita nilifanya kazi katika ofisi moja ya mikopo mjini huku nikiishi Ahero. Nilipanda matatu kungali giza na nilirudi watoto wakiwa wamelala au wakisinzia mezani. Shirika lile lilitupangia idadi ya wakopaji kwa kila mwezi, na aliyeikosa alisomwa jina mbele ya wenzake. Jumapili moja mwanangu wa pili, akiwa na miaka mitano, aliniuliza kama leo pia naenda kazini. Nilikuwa nimeketi naye kwenye kochi, mkono mmoja umemkumbatia na mwingine umeshika simu nikijibu ujumbe wa msimamizi. Sikumjibu mtoto. Niliinuka nikaenda jikoni nikalia.

Sikuacha kazi wiki ile, wala simshauri mtu mwenye karo za kulipa aache kazi kwa sababu ya uchungu wa Jumapili moja. Nilichofanya ni kununua daftari la kurasa tisini na sita na kuandika, kwa wiki moja tu, jinsi kila saa ilivyopita. Wiki ina saa 168. Usingizi ulichukua 42, yaani saa sita kwa usiku mmoja, nazo zilikuwa pungufu, kwa maana mtu mzima anahitaji angalau saba. Kazi na safari vilichukua 84. Kupika, kufua, kanisa na mengineyo ya nyumbani yalichukua 27. Nilipojumlisha nilipata 153, na zile 15 zilizobaki zilikuwa zimemezwa na simu, hasa kati ya saa tatu na saa tano za usiku, nikitazama vitu ambavyo kesho yake sikuvikumbuka.

Niliamua kuchukua nane kati ya hizo. Sita nilizirudisha kwenye usingizi. Mbili nilizitenga Jumapili alasiri, simu ikiwa kabatini, kwa kukaa na watoto bila ajenda yoyote. Huenda ukaona ni kidogo mno, lakini saa hizo mbili ndizo zilizonipa akili ya kupanga jinsi ya kuondoka pale kwa utaratibu, jambo lililochukua mwaka na miezi minne. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba usianze kutafuta muda kabla hujajua muda ulio nao unaishia wapi. Andika wiki moja, na uandike kwa ukweli, kwa kuwa daftari hilo halisomwi na mtu mwingine.

Furaha itatoka wapi ikiwa pesa hazitoshi?

Kwanza tusidanganyane. Mtu mwenye njaa hahitaji mafunzo ya kushukuru, anahitaji chakula. Anayedaiwa kodi ya miezi mitatu hawezi kuambiwa abadilishe mtazamo. Wapo wanaozunguka wakiwafundisha maskini kwamba umaskini wao uko kichwani, na maneno hayo yananiuma kwa sababu nimewaona watu waliorudi nyumbani kutoka mikutano hiyo wakiwa na aibu waliyokuwa hawana.

Hata hivyo, yapo mawili ninayoyaamini kwa dhati. La kwanza ni kwamba pesa huongeza raha hadi mahitaji yatulie, na baada ya hapo binadamu huzoea upesi. Ukipata pikipiki utafurahi, na baada ya miezi kadhaa itakuwa pikipiki tu. La pili ni kwamba watu tulio nao wana uzito mkubwa kuliko tunavyodhani. Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kimekuwa kikifuatilia maisha ya kundi la watu tangu mwaka 1938, na baadaye wake na watoto wao pia. Watafiti wake wamesema mara kwa mara kwamba uhusiano mwema na watu wa karibu ndio ulioambatana zaidi na afya na utulivu uzeeni. Wazee wetu wasingeshangaa kulisikia hilo.

Ukinunua mahindi katika soko la Kibuye, mama akishalijaza gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, hadi lifanye kilele, huchota konzi moja zaidi akaitia mfukoni mwako bila kuihesabu. Furaha ya kila siku naiona kama konzi ile. Haiwezi kuchukua nafasi ya gorogoro, na anayekuuzia konzi peke yake anakulaghai, lakini gorogoro likiwepo, hata lisipojaa sana, konzi yaweza kutolewa na yaweza kupokelewa. Mkazi wa Kisumu anaweza kutembea hadi ufuoni jioni bila kulipa chochote. Kwa kuwa tuko karibu sana na ikweta, jua huzama karibu wakati uleule mwaka mzima, baina ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro, na maji hugeuka rangi ya shaba kwa dakika chache. Mwenzetu wa Nakuru hupanda ukingo wa kreta ya Menengai na binti zake mara moja kwa mwezi, wakibeba chai kwenye chupa na viazi vitamu vilivyochemshwa, na anasema binti wakubwa huzungumza naye kule juu mambo ambayo nyumbani hawayataji.

Kuhusu madeni, na hasa mikopo ya simu inayokopwa leo kulipia ile ya jana, ushauri wangu ni mfupi. Yaandike yote kwenye ukurasa mmoja, mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini, na uanze na lile dogo kabisa. Siri ndiyo inayoyakuza.

Ni kweli kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21?

Si kweli kwa watu wengi. Idadi hiyo ilitokana na maneno ya Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura. Mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuzoea sura zao mpya, na kadiri maneno yalivyopita mdomo hadi mdomo, "angalau" ikapotea njiani. Watafiti wa chuo cha University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walipowafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia ndogo za kila siku na kutangaza matokeo yao mwaka 2010, waliona kwamba kwa wastani ilichukua takriban siku 66, huku tofauti ikianzia siku 18 hadi 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Habari hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Wanaokata tamaa siku ya ishirini na mbili hawana upungufu wowote. Walipewa kalenda isiyo yao.

Je, ni lazima niamke saa kumi alfajiri kama wanavyofanya waliofanikiwa?

La. Ukilala saa tatu usiku na mwili wako unaamka wenyewe saa kumi, vyema. Ukilala saa sita usiku ukaamka saa kumi kwa kengele, unajinyima usingizi na kuuita nidhamu. Muuguzi wa zamu ya usiku anayelala saa tatu asubuhi hajapungukiwa na chochote.

Nikisema sitaweza kuchangia, jamaa huniona mbinafsi. Nifanyeje?

Katika eneo letu hili la magharibi mwa Kenya, swali hili lina uzito kuliko yote, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Anayeishi mjini na kupokea mshahara, hata uwe mdogo, huhesabiwa kuwa amefika. Anatarajiwa kwenye karo ya binamu, hospitali ya shangazi, na matanga karibu kila Jumamosi. Kundi la WhatsApp la mazishi hufunguliwa kabla jua halijatua. Orodha hutumwa, jina moja baada ya jingine, kila moja na kiasi chake na alama ya tiki mbele yake, na kila anayetuma pesa huirudisha orodha upya, kiasi kwamba jina lako lisilo na tiki unaliona mara thelathini kwa siku. Nimewahi kukopa ili kupata tiki ile. Sikuwa nikimsaidia marehemu wala wafiwa, nilikuwa nikilinda jina langu.

Siamini kwamba dawa ni kujitenga. Mtu anayejiondoa kwa watu wake ili "ajitafute" mara nyingi hujikuta amebaki peke yake siku ambayo zamu yake ya kulia imefika. Kusaidiana ndiko kulikotusomesha wengi wetu, nikiwemo. Kinachotakiwa ni kipimo, na kipimo hupangwa kabla msiba haujatokea. Mimi na mume wangu hukaa Januari tukatenga kiasi cha mwaka mzima kwa ajili ya jamaa, tukakigawa kwa miezi, na kikiisha tunatoa kitu kingine: tunakwenda kuchota maji, kupokea wageni, kulala na wafiwa. Ujumbe ninaoutuma huwa kama huu: "Mjomba, salamu. Poleni sana kwa msiba. Nimetuma shilingi 500, na Ijumaa jioni nitafika kusaidia jikoni hadi Jumapili. Zaidi ya hapo sitaweza mwezi huu, naomba unielewe." Sielezi karo, kodi wala deni, kwa sababu maelezo marefu hualika mabishano. Mara ya kwanza nilipoutuma nilitetemeka. Mjomba alijibu kwa neno moja, "Karibu," na nilipofika alinikabidhi sufuria kubwa kuliko zote.

Si kila mjomba atajibu hivyo. Wapo watakaonung'unika, na manung'uniko hayo utayabeba kwa muda, lakini nakuhakikishia ni mepesi kuliko deni.

Mwajiri wangu haniruhusu kupumzika. Je, nina haki yoyote?

Unayo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi kumi na miwili ya kazi mfululizo. Omba likizo yako kwa maandishi na uhifadhi nakala. Ofisi za kazi za serikali zipo Kisumu na Nakuru, na kwenda kuuliza hakumaanishi umefungua kesi.

Ibada ina nafasi gani katika haya?

Kwa wengi wetu ina nafasi kubwa, na siku ya ibada, iwe Ijumaa, Sabato au Jumapili, ndiyo mapumziko ya zamani kuliko yote tuliyoachiwa. Ninachoomba tu ni kwamba isigeuke zamu nyingine ya kazi. Dada mmoja alikuwa mwimbaji, mweka hazina na mpishi wa kanisa lake kwa wakati mmoja, na alitwambia hakuwa amesali kwa miezi mingi.

Nitajuaje kama huu ni uchovu wa kawaida au ni ugonjwa?

Uchovu hupungua ukilala na ukipumzika. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, umezama katika huzuni au mambo uliyoyapenda hayakupi tena ladha, huku usingizi na hamu ya chakula vimevurugika, unajiona huna thamani, au mawazo ya kifo yanakujia, hiyo huenda ikawa sonona. Ni ugonjwa unaotibika. Haitokani na uvivu, wala si laana ya ukoo, na ukurasa huu hautoshi kuutibu. Nenda katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ukiwa Kisumu, hospitali ya rufaa ya kaunti ukiwa Nakuru, au ile ya Moi ukiwa Eldoret, na useme wazi kwamba ni akili inayouma. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya linapokea simu bila malipo kupitia 1199. Ikiwa mtu wa karibu nawe anazungumzia kujitoa uhai, usimwache peke yake na usimhubirie. Kaa naye, mwulize, msikilize, na mwende pamoja.

Nilianza vizuri, kisha nikaacha katikati. Je, nianze upya kabisa?

Usirudi mwanzo. Fungua daftari ulipoachia, andika tarehe ya leo, na uendelee hata kama kati ya kurasa hizo mbili kuna miezi minne. Ulichokijua juu ya nafsi yako kabla hujaacha hakijafutika.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, mvua ilimkuta yule jirani yangu wa Dunga omena ikiwa imekauka nusu. Alikimbia kuzikunja nyavu, akaokoa baadhi, nyingine ikaloa. Asubuhi iliyofuata nilimkuta ufuoni amechuchumaa akiichambua. Iliyosalimika aliitandaza tena upande wa jua, na iliyoharibika aliitia kwenye gunia lake la pembeni, kwa sababu ipo bei yake pia, wanunuzi wa chakula cha kuku wanaichukua. Alinisalimu bila kuinua kichwa, akaniuliza kama ninaona kwa mawingu yale leo jua litawaka.